UKOO WA BI MKUBWA 🌿 MUHEZA

*Jumatano*

Mama Shani: Asalaam aleykum wanandugu. Jumamosi ndiyo hiyo. Hakuna pilau la kuagiza, hakuna kuku wa kisasa, hakuna kreti za soda. Bi Mkubwa kasema anataka kula vya shambani kwake: kisamvu, bamia, nyanya chungu, na bada, ugali wetu wa muhogo. Nani anakuja? Andikeni majina hapa.

Mama Shani: Naona tiki za buluu tu.

Mama Shani: Haya, endeleeni kusoma.

Idi: Waaleykum salaam ma'mdogo. Bada tena 😩

Mjomba Hamza: Wewe umelelewa kwa bada, leo unajifanya mtu wa chipsi.

Mama Shani: Idi nakuandika. Mwaju, shamba likoje?

Mwaju: Shikamooni wote. Kisamvu kimejaa, nimeacha yale majani magumu, nachuma vichwa tu. Nyanya chungu zingine zimeshaanza wekundu, hizo uchungu wake hapana, nawaachia kuku. Bamia nakata zilizo saizi ya kidole, zilizopitiliza zimekuwa kamba.

Mama Shani: Umenifurahisha. Kazi zenu: Idi unga wa makopa wa kupikia bada. Mjomba wenu samaki wa ng'onda. Dada yenu Tatu nazi, kumi zisipungue. Kisamvu kitwangwe Ijumaa alasiri, kichemshwe mfuniko pembeni, maji ya kwanza yamwagwe. Sitaki tena yale ya Ramadhani ile.

Tatu: 🙈 Ma'mdogo usianze

Idi: 😂😂😂 mi nilitapika mpaka daku

Mama Shani: Hakuna cha kuchekesha. Kisamvu kibichi kina sumu, mtu akifunika sufuria ili kiive haraka anaifungia humo humo. Yule aliyefunika anajijua.

Idi: Mi nakuja na blenda. Dakika tano kazi imekwisha.

Mwaju: Umeme wenyewe tunapishana nao mlangoni.

Baba Zubeda: *Imesambazwa mara nyingi:* VIWANJA VYA BEI POA CHALINZE, HATI MKONONI, WAHI SASA

Mama Shani: Baba Zubeda tafadhali.

Baba Zubeda: Kumradhi, nilikosea kundi.

Shemeji Korogwe: Kwani kile kinu cha mzee kiko wapi?

*Alhamisi*

Mama Shani: Jamani mbona kimya? NAZI. Tatu?

Mwaju: Shemeji, kinu hakipo hapa nyumbani.

Mjomba Hamza: Hayo tuyaache.

Tatu: Tuyaache kwa nini? Kinu cha mninga cha Babu kiko Mbagala, sebuleni, kimechomekwa maua ya plastiki. Nimekiona kwa macho yangu siku ya maulidi.

Mjomba Hamza: Tatu. Unaongea na nani hapo?

Mama Feisal: Mwache aseme, mume wangu, lilimkaa moyoni muda mrefu. Mimi sikuiba. Baada ya arobaini tuliambiwa kila mmoja achukue cha kumbukumbu. Mbona aliyebeba cherehani hatajwi?

Tatu: Cherehani ilikuwa ya marehemu mama yangu.

Idi: Kinu kimehamia mjini kimesahau kwao 😂 hata salamu hakitumi

Mama Shani: Idi, kaa kimya. Na unga wa makopa umepata?

Idi: Hapa Dar unauzwa wapi huo?

Mama Shani: Kariakoo kuna kila kitu. Tembea.

Tatu: Na tui asichanganye mtu yote kwa mpigo. Tui jepesi lianze na kisamvu, kasimile, lile tui zito, ije mwisho, mtu akoroge asiende kuchati, likikatika inabaki mafuta yanaelea.

Mama Feisal: Na magadi yasitiwe. Kinalainika ndiyo, lakini ladha inakufa.

Tatu: Kwa hilo tuko pamoja.

Shani: Mama, Jumamosi nina mtihani

Mama Shani: Njoo pembeni.

Mwaju: 🎤 0:52

Mwaju: Ni Bibi huyo. Nimemsomea yote, tangu jana.

Mama Shani: YOTE? Mwaju!! Niko kwenye daladala sisikii, andika alichosema.

Mwaju: Anasema hivi: "Hamza, mkeo kinu nilimpa mwenyewe kwa mkono wangu, asisimangwe. Na wewe Tatu, mamako alikuwa mwanangu kabla hajawa mama yako, usinilize. Lakini kisamvu cha mashine nililetewa nilipolazwa, kilikuwa kama dawa ya mifugo. Meno yameisha, ulimi bado. Kinu kije kitwange. Kikimaliza mtaniachia mimi niseme kinalala wapi. Na nani kasema hakuna kuku? Mimi nina kuku wangu."

Mjomba Hamza: Shikamoo mama. Tumesikia.

Mama Feisal: Shikamoo mama. Kitakuja inshaallah.

Tatu: Shikamoo bibi. Nisamehe.

Baba Zubeda: 🙏🙏

Mwaju: Anasema marahaba, na mlale.

*Ijumaa*

Mama Shani: Sabalkheri. Kinu kimepanda basi?

Mjomba Hamza: Kondakta anataka kilipiwe kama abiria. Nimemwambia ni kinu, anasema kinakaa nafasi ya mtu.

Idi: Kinu kinalipiwa nauli mimi sina 😭

Mama Shani: Lipa, tutatoa kwenye mchango.

Shemeji Korogwe: Mchango upi? Mbona sijasikia?

Mama Shani: Elfu kumi kila mtu, nilituma ujumbe wiki iliyopita shemeji.

Mwaju: Mjomba, na mchi umefungwa nacho?

Mama Feisal: Mchi mimi sikuchukua. Nilichukua kinu peke yake.

Mwaju: Huku nao haupo. Nimetafuta mpaka darini.

Mama Shani: Ya Rabi. Haya, Mwaju pita kwa majirani uazime, kisamvu kinachumwa saa tisa. Mpaka sasa nina majina sita tu, na wengine mnasoma. Tatu, nazi?

Tatu: Nimepata saba. Tatu zilizobaki atie Idi.

Idi: Mi si unga?

Mama Shani: Umeupata?

Idi: Niko njiani Kariakoo