Kutoka kituo binafsi kwenda VA upande wa mamografia, mwenye uzoefu naomba ukweli

tulia_pumua
Habari zenu wadau. Niko Marekani, ni teknolojisti wa mamografia, yaani napiga picha za eksirei za matiti, cheti cha ARRT ninacho cha eksirei na cha mamografia pia. Kwa sasa niko kituo binafsi na kusema kweli ni mbio mbio tu, huyu hajavaa nguo vizuri mwingine keshakaa nje anasubiri, ukichelewa kidogo meneja anakuchungulia mlangoni. Sasa nimepata ofa hospitali ya VA, hizi za wanajeshi wastaafu. Kila ninayemuuliza ana lake, mmoja ananiambia huko wagonjwa wachache mpaka mkono utasahau kazi, mwingine anasema nenda ukapumzike hakuna presha, mwingine kanicheka kabisa eti maveterani si wanaume, mamogramu utampiga nani 😂. Mshahara nishauona sina shida nao, nataka kujua kazi yenyewe ikoje. Halafu ni kweli VA haiko chini ya FDA, wale wa serikali wanaosimamia dawa na vifaa tiba, kwenye mamografia? Maana kama ndo hivyo naogopa, siku nikitaka kutoka nani atanichukua.

Mchungulia_Mifupa
Dada karibu. Nianze na la FDA maana watu wanalisema nusu nusu. Ni kweli MQSA, ile sheria ya ubora wa mamografia ya 1992, haiigusi VA. Lakini 1996 Bunge lao lilipitisha sheria nyingine inayoilazimisha VA iwe na viwango vyake vyenye ukali uleule, na ithibati lazima, na ukaguzi upo. Kwa hiyo wewe pale kwenye mashine huoni tofauti yoyote: saa 15 za mafunzo kila miezi 36 ziko palepale, wagonjwa 200 kila miezi 24 wako palepale, fantomu, lile titi la bandia la kujaribia mashine, unaipiga, picha zilizorudiwa mnazichambua. Zembea kwenye makaratasi ya fantomu uone watakavyokuita ofisini. Kwa hiyo hilo la nani atanichukua ondoa, mtu wa VA anachukulika popote.

Ila hapo kwenye 200 ndo uulize swali kabla hujasaini kitu. VA nyingi hazina mashine ya mamografia kabisa, wanawake wanapelekwa hospitali za kiraia VA inalipa. Na zenye mashine hazilingani, nyingine foleni ipo nyingine siku inaisha mmepiga watu wa kuhesabu. 200 kwa miezi 24 ni kama nane na kidogo kwa mwezi, kwa mtu mmoja si kitu, lakini mkiwa watatu mnagombania haohao wachache na wewe ndo mgeni wa mwisho kufika utaanza kuhesabu vidole. Na ukishuka chini ya hapo unarudi kupiga 25 mwenzako amekusimamia ndo uruhusiwe peke yako tena, si jambo la kufurahisha kwa mtu mzima.

Sasa mkono kusahau kazi, hapana, hilo nakataa. Huko kwenye biashara anaingia mwanamke mkono unanyooka, unavuta titi, unabana, umemaliza. Huku anaingia mtu bega limeshapasuliwa haliinuki, mwingine yuko kwenye kiti cha magurudumu, mwingine ana mkono wa bandia, na ile picha ya mshazari haina huruma, inataka msuli wa kifua uonekane umeshuka mpaka usawa wa chuchu. Na msuli hauji kama bega limekaza. Afu hawa watu ukimwambia "simama vizuri" anakakamaa kama yuko gwaride, mabega yanapanda juu, basi umeharibu. Mimi siku hizi hata neno kusimama sitamki. Namwambia egemea mashine, mkono ulaze tu juu ya kishikio usikishike, legeza magoti, toa pumzi, na mimi hapo naingiza kiganja kutoka upande wa kwapa nauleta msuli mbele pamoja na titi, pole pole, ndo bamba la kubania titi linashuka. Inachukua muda. Ndo maana ukiona wagonjwa wachache kwenye ratiba usidhani watu wamelala.

Kitu kingine vyuma. Utaona kwenye picha kidoa cheupe pee kingo zake kali, ukadhani ni chembe za kalisi zilizojijenga kwenye titi, kumbe ni kipande cha bomu kimebaki mwilini tangu vitani. Muulize kabla hujapiga, andika kiko wapi, makovu weka alama. Usipoandika daktari wa radiolojia anabaki kukisia na mgonjwa anaitwa kurudi bure na roho mkononi.

bimkubwa_wa_zamu
Aliyosema mwenzangu ni kweli tupu, mi acha niseme ya upande wa pili ambayo watu wa VA hawapendi kuyasema. Urasimu jamani. Utaomba kazi kupitia USAJOBS, tovuti ya ajira za serikali, sawa, afu alama za vidole, afu uchunguzi wa historia yako, afu vipimo vya afya, afu kimya. Wiki zinakatika hamna simu. Kuna barua mbili za ofa na watu wanazichanganya: ya kwanza ni ya awali tu inaweza kufutwa, ya pili ndo ya mwisho ina tarehe ya kuripoti. USIACHE kazi uliyonayo kwa barua ya kwanza, nimeona mtu kaaga kazini mpaka keki kakatiwa afu akakaa nyumbani anasubiri simu.

Ya pili, ngazi ya mshahara. Kila daraja la GS, yaani mfumo wa mishahara ya serikali kuu, lina stepu 10. Wakikupa stepu ya kwanza na wewe una uzoefu, omba juu zaidi KABLA hujakubali, toa na karatasi ya mshahara wako wa sasa. Ukishaanza kazi mlango huo umefungwa, unabaki kusubiri stepu zinazokuja na miaka kama wengine wote.

Ya tatu mambo madogo madogo yanayochosha. Mfumo wa kompyuta wa rekodi za wagonjwa, CPRS, ni wa zamani utaona kama umerudi shule ya msingi, na kuna vituo vimeshahamia mfumo mwingine nao watu wanalia. Kuomba hata mto wa kuegemeza mgonjwa ni fomu na saini. Kituo binafsi meneja anaenda dukani jioni ananunua.

Lakini sitakudanganya, mimi sitoki 😅. Likizo siku 13 mwaka kwa miaka mitatu ya mwanzo, baadaye 20, ukipita miaka 15 ni 26, hapo hujahesabu siku 13 za ugonjwa na sikukuu 11 za serikali. Akiba ya uzeeni wanakuchangia mpaka asilimia 5 ukiweka na wewe 5. Pensheni ipo ila uvumilie angalau miaka mitano ndo iwe yako, na wanakukata asilimia 4.4 ya mshahara kwa wanaoanza sasa. Piga hesabu vizuri usiangalie tu ile namba ya mshahara uliyoandikiwa.

tulia_pumua
Aisee asanteni, hilo la barua mbili lingeniponza maana nilikuwa naandaa notisi wiki ijayo 🙈. Sasa swali jingine. Kwenye intavyuu waliniuliza ningefanyaje mgonjwa akigoma katikati ya kipimo, na walivyouliza niliona wana jambo lao. Ni yale ya unyanyasaji wa kingono jeshini? Na hao wanaume je, wapo kweli au ni utani?

sajenti_wa_zamani
Naingilia ingawa mi si wa radiolojia, mi ndo mgonjwa wenu. Nimetumikia jeshi la Marekani, Kuwait na Iraq, niko thelathini na kitu na mamogramu nimeshapigwa VA. Watu wananiuliza mbona mapema. Sababu kuna sheria ya Juni 2022 inaitwa jina la Dr. Kate Hendricks Thomas, alikuwa afisa wa Marine akapata saratani ya matiti bado kijana, akafariki Aprili mwaka huohuo kabla haijasainiwa. Inasema ukishatumikia sehemu zile zenye mashimo ya kuchomea taka na sumu nyingine unapimwa hatari yako na ukionekana unahitaji unapigwa picha, hawaangalii umri wala dalili wala kama mama yako aliugua. Tulikuwa tunalala karibu na ule moshi, plastiki, betri, matairi, kila kitu kinachomwa, asubuhi unaamka makamasi meusi. Kwa hiyo jiandae kupata wadogo kuliko uliozoea.

Kuhusu unyanyasaji, ndiyo, ndo maana walikuuliza. VA inamuuliza kila anayetibiwa, na karibu mwanamke 1 kati ya 3 anajibu ndiyo, wanaume ni kama 1 kati ya 50. Usitegemee atakuambia wewe. Nikwambie tu kilichonisaidia mimi: yule dada kabla hata sijavua aliniambia atanigusa wapi na kwa nini, akaniambia nikisema basi anaachia bamba saa hiyohiyo, na akanionyesha lilivyo linaachia likafanya ule mlio wake ili nisishtuke. Kila mara kabla hajaweka mkono anauliza, naweza? Hata mara ya nne bado anauliza. Alikuwa anasimama ninapomuona. Kuna sehemu nyingine kabla ya hapo mtu alikuja nyuma yangu akanishika bega bila neno, nilitoka na gauni lao mpaka kwenye korido. Na msiniambie "asante kwa utumishi wako" nikiwa kifua wazi tafadhali 😂 ngoja nivae kwanza.

Mchungulia_Mifupa
Sajenti umemaliza kila kitu, hiyo aya yako ningeibandika ukutani kwetu.

Niongezee kwamba hawa vijana aliowasema matiti yao mara nyingi yana tishu nzito, picha inakuwa nyeupe tupu na uvimbe nao ni mweupe, kwa hiyo uliza kama mashine yao ni ya tomosintesi, ile inayopiga titi tabaka kwa tabaka, na kama ultrasaundi ipo jengo hilohilo. Usipokuwa na tomosintesi kwenye tishu ya namna hiyo unapiga picha nzuri isiyosaidia mtu.

Wanaume wapo. Saratani ya matiti kwa wanaume ni kama 1 kati ya 100 ya saratani zote za matiti, ila VA ndo sehemu utakayowaona wengi maana wagonjwa wengi ni wao. Wengi wanakuja na uvimbe nyuma ya chuchu ambao mwishoni ni tezi tu imekua, dawa nyingi zinafanya hivyo. Lakini wapo waliokaa Camp Lejeune, ile kambi ya North Carolina ambayo maji yake yalikuwa na kemikali kuanzia 1953 mpaka 1987, hao akisema ana kivimbe titini usimchukulie poa. Kumpiga picha ni kazi haswa, titi dogo, msuli mkubwa, nywele zinateleza mkononi. Tumia bamba jembamba, na wakati mwingine mshazari unaokwenda kinyume, kutoka chini kwenda juu, ndo unakuokoa. Na tafadhali usimpe mzee wa watu gauni la waridi umkalishe chumba chenye mabango ya wanawake tu, mwingine atakaa dakika mbili aondoke na hatarudi tena.

kijana_wa_mapokezi
Samahani nachomekea swali. Mimi nina green card tu, kibali cha kuishi Marekani, uraia bado. VA naweza kuomba?

bimkubwa_wa_zamu
@kijana omba lakini usiweke moyo. Raia kwanza, asiye raia wanamchukua pale tu wanaposhindwa kumpata raia mwenye sifa. Kama una sifa za mamografia kwenye sehemu ya mbali wanakokosa watu lolote laweza kutokea.

tulia_pumua
Mmenisaidia sana. Kesho nampigia msimamizi wa radiolojia namuuliza hivi: mwaka jana walipiga wagonjwa wangapi, wako mafundi wangapi, tomosintesi ipo, na biopsi, kuchukua kipande cha tishu kupima, wanafanyia hapohapo au wanapeleka nje.

bimkubwa_wa_zamu
Ongeza na hili, muulize nani anasoma picha na yuko wapi. Siku hizi VA wana usomaji wa mbali, mnapiga hapo zinasomwa na daktari aliye mji mwingine kabisa. Si mbaya, wanaosoma ni wabobezi, ila maana yake mgonjwa akiwa bado kwenye gauni hamna daktari wa kumgongea mlango umuulize hii imetosha au nirudie, unaamua wewe. Wewe uliyetoka kwenye mbio mbio nadhani utaweza, lakini kama kwenu umezoea daktari yuko chumba cha pili, omba wakupe wiki za mwanzo upige na mwenyeji pembeni, na uombe kabla hujasaini.