Nimewaeleza walimu mbinu za kurekebisha tabia za watoto, darasani hazionekani. Nifanyeje?

Mwalimu wa Kitengo, Nachingwea
Walimu, habari za jioni. Mkuu wangu wa shule amenipa jukumu la kuwasaidia walimu wawili wa darasa la kwanza waliopokea watoto wa kitengo chetu cha elimu maalumu, wenye usonji na ulemavu wa akili. Kwenye kikao cha MEWAKA (mafunzo endelevu ya walimu kazini) nikaeleza: kazi igawe hatua ndogondogo, mtoto akipatia mpongeze papo hapo. Wakaandika. Jumatatu napita dirishani, mtoto anapiga dawati, mwalimu anaacha somo, "Nyamaza wewe!" Watoto wa kitengo ndio wanaoumia. Nianzie wapi?

Mstaafu, Masasi
Pole na kazi, mwanangu. Hatua za kumfundisha mwalimu mbinu ni nne: eleza kwa ufupi, onyesha mwenyewe, mwache naye ajaribu, kisha mpe mrejesho. Vikao vyetu vingi vinaishia ya kwanza.

Mwalimu kijana mmoja nilibaki naye watoto walipoondoka, nikakaa kwenye dawati nikawa mwanafunzi. Nikapiga dawati. Akageuka. Nikamwambia, "Hapo umenilipa. Nilitaka uniangalie, umeniangalia." Tukarudia. Safari hii akaendelea kuandika ubaoni, nilipotuliza mikono tu akanijia: "Umetuliza mikono, vizuri sana. Haya, hesabu vizibo." Pongezi itaje alichofanya mtoto, na isichelewe. Tulirudia mpaka ikamkaa.

Ndipo uingie darasani, ukae nyuma na karatasi ya safu tatu: kilichotangulia, alichofanya mtoto, kilichofuata. Usiandike "mkorofi". Andika "amepiga dawati mara nne, mwalimu akiwa ubaoni".

Mama Wawili, Lindi
Shikamoo Mwalimu. Naomba niongeze, maana hapa watoto huumizwa: kabla ya kupuuza tabia, jua mtoto anatafuta nini. Mwingine hupiga dawati ili atolewe nje aikwepe kazi. Ukimtoa, kesho atapiga zaidi. Huyo punguzieni ugumu wa kazi na mfundisheni kuomba kupumzika, hata kwa kuonyesha kadi ya picha kama haongei. Na anayejigonga kichwa usimwache ajiumize kwa jina la kupuuza. Mzuie kwanza.

Mwalimu wa Kitengo, Nachingwea
Shikamoo Mwalimu, na asante dada. Ila darasa limefurika, mwalimu ataniambia hana muda.

Mstaafu, Masasi
Marahaba. Mpe mwalimu mtoto mmoja na tabia moja tu ya kushughulikia. Mrejesho mpe siku hiyohiyo, mkiwa wawili, kamwe si mbele ya watoto wala ofisini wenzake wakisikia. Anza na alichopatia, ukitaje waziwazi, kisha jambo moja la kurekebisha. Mtu mzima naye huongeza juhudi pale anapoona imeonekana. Na anza sasa, usisubiri Oktoba. Korosho zikianza kuanguka mahudhurio huyumba, na mtoto anayekuja leo na kukosa kesho hutaweza kumfuatilia kwenye karatasi yako.