Mjadala: Sumaku za fyusheni zipimwe kwenye baridi kabla ya kufungwa, au ni kupoteza muda?

Wakuu naomba tujadili hili. Kule Cadarache, Ufaransa, mradi wa kimataifa wa ITER, wa kujenga mtambo wa fyusheni (kuunganisha viini vya atomi ili kupata nishati), una koili kubwa 18 za supakondakta, yaani nyaya zilizozungushwa kuwa sumaku, kila moja ina urefu wa mita 17, na lazima zipozwe kwa heliamu mpaka nyuzi 269 chini ya sifuri ndo umeme upite bila ukinzani wowote. Ratiba mpya ya 2024 inasema sumaku zitafika nguvu kamili 2036, na wameamua baadhi ya koili zipimwe kwanza kwenye baridi hiyo kabla ya kufungwa. Kuna wanaolalamika kwamba hela za walipa kodi zinaliwa na majaribio. Mimi nasema wapime, tena wapime sana.

Angalieni Naka, Japani, mashine ya fyusheni ya JT-60SA. Machi 2021 ndo wako kwenye kuzijaribu sumaku, umeme ukaruka kwenye kiungo cha koili inaitwa EF1, insulesheni (kizuizi cha umeme) ilikuwa dhaifu pale, heliamu ikavuja ikaingia kwenye tangi lililotakiwa kuwa vakyumu, yaani tupu bila hewa. Kiungo kimoja tu jamani! Plazma ya kwanza, ile gesi ya moto sana ambamo fyusheni hufanyika, wameipata Oktoba 2023.

— Mkuu hapo umejifunga mwenyewe. Tatizo la Naka halikuwa ndani ya koili, lilikuwa kwenye kiungo cha kuunganishia umeme. Ungeipima koili peke yake usingeona kitu. Huku miaka inakatika, Wamarekani wa kampuni ya Commonwealth Fusion Systems na chuo cha MIT walishafikisha tesla 20 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku) kwa sumaku moja Septemba 2021.

— Kwenye kiungo nakubali, mkuu. Ila hapo ndo inabidi tupime mara mbili, koili kabla ya kufungwa, halafu mashine nzima ikishaunganishwa, na volti ziwekwe huku vakyumu imeharibiwa kidogo makusudi, maana kwenye gesi nyembamba cheche inaruka kirahisi kuliko kwenye hewa hii tunayovuta. Na hiyo ya tesla 20 ilikuwa sumaku moja iko peke yake kwenye maabara, bado haijazungukwa na wenzake. Mashine ya fyusheni ya Wendelstein 7-X ya Ujerumani ina koili 70, zote zilipelekwa Saclay, Ufaransa, zikapimwa kwenye baridi ndo zikafungwa, na 2015 walipoziwasha zikakubali. Sasa koili moja ya ITER ina tani zaidi ya 300, ikishafungwa humo ndani halafu igome, nani ataitoa?