Corolla 110: gasketi ya tapeti kava ni mpya, oili bado inavuja. Naombeni ushauri

Mpambanaji wa Mbagala
Wakuu habari za jioni. Nina Corolla 110, injini 5A, automatiki. Inavuja oili pale juu kwenye tapeti kava (kile kifuniko cha juu ya injini), inatiririka mpaka kwenye ekzosi. Nikikwama kwenye foleni ya Rangi Tatu, harufu ya oili inayoungua inaingia ndani, abiria wanaanza kuangaliana. Plagi nazo zikawa zinaogelea kwenye oili, gari ikawa inamisi. Fundi akabadilisha gasketi, ikatulia kidogo, sasa imerudi kulekule. Swali langu ni moja tu: niweke gasketi nyingine, au apige silikoni kote ikauke kabisa? Iwe kavu kabla ya Jumamosi. Natanguliza shukrani.

Kichwa Ngumu
Uza hiyo chukua IST. Next.

Mama Wawili Tegeta
Jumamosi kuna nini?

Spana Kumi na Tatu
Mkuu, silikoni kote usithubutu. Ile inayozidi inajikunja kwa ndani, inakatika vipande, inashuka na oili hadi kwenye sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, inakwenda kuziba chujio la pampu. Hapo hutalilia gasketi tena, utalilia injini nzima. Kwenye 5A silikoni ni tone tu kwenye zile kona ambapo kofia za kamshafti zinakutana na silinda hedi. Kwingine kote gasketi inakaa kavu, na sehemu inapokaa iwe imefutwa mpaka kitambaa kitoke cheupe.

Halafu plagi kuogelea si kazi ya gasketi kubwa. Kuna sili nne za duara zinazozunguka mirija ya plagi. Mafundi wetu wanapenda kubadilisha ile kubwa na kuziacha hizo za zamani zimekauka kama kaukau. Na zile nati za juu zina washa za mpira, nazo hubadilishwa. Kaza kidogokidogo kwa kuzungukia, kwa nguvu ndogo tu, si nati za tairi hizo. Ukizikaza kwa hasira kava inapinda na itavuja milele. Fundi wako alikaza na nini?

Mpambanaji wa Mbagala
Asante mkuu. Fundi wangu ni mzoefu, yuko kwenye hizi kazi kabla mimi sijajua kuendesha. Alitoa koili zote nne, akafungua kava, akasafisha na petroli, akafunga. Alikaza na spana ya kawaida kwa mkono wake, anajua. Hizo sili sikuuliza. Jumamosi nina safari tu.

Mzee wa Kitonga
Hilo la oili kudondokea ekzosi msilichukulie poa. Mimi nilikuwa na Mark II GX100, napandisha Kitonga nimepakia familia tunaenda Iringa msibani. Kona ya katikati pale bonneti ikaanza kufuka. Mama mkwe alikuwa kiti cha nyuma, ana miaka sabini na kitu, goti bovu, siku zote anashikwa mkono kushuka. Siku ile alifungua mlango mwenyewe na kukimbia hadi ukingoni mwa barabara akiwa na pochi yake. Lori la mbao likasimama, utingo akaja na ndoo ya mchanga. Kumbe fundi aliacha kitambaa juu ya ekzosi. Oili yenyewe ilikuwa matone tu.

Dada wa Kiboriloni
Mama mkwe na pochi 😂😂 mzee endelea, msibani mlifika?

Mzee wa Kitonga
Tulifika wameshazika.

Spana Kumi na Tatu
Turudi kwenye injini. Mleta uzi, gasketi mpya kuvuja haraka hivyo, mara nyingi presha ya ndani ndiyo inayoisukuma oili nje. Juu ya tapeti kava kuna mipira miwili. Mmoja una valvu ya PCV, ile inayotoa hewa ya ndani ya injini, unaingia kwenye manifodi ya hewa, mwingine unakwenda kwenye bomba la ea klina. Ndiyo briza, injini inapumulia hapo. Yote miwili ipo na iko wazi?

Mpambanaji wa Mbagala
Ipo mkuu, iko sawa. Mimi nauliza gasketi tu. Halafu kati ya gasketi ya kutoka Japani na hizi za kawaida za Kariakoo, tofauti ipo kweli au wanatupiga?

Spana Kumi na Tatu
Tofauti ipo, mpira wa bei rahisi unakauka mapema kwa joto. Ila nimekuuliza mipira. Tuma picha.

Mpambanaji wa Mbagala
[picha]

Mtoto wa Gerezani
Wakuu vuteni hiyo picha karibu, kulia, mpira unaokwenda ea klina. Si bolti hiyo imechomekwa? Naona kichwa cha bolti, kimebanwa na kleme mpya inayong'aa kabisa.

Dada wa Kiboriloni
Yesu wangu. Kweli ni bolti.

Spana Kumi na Tatu
Na wa PCV umekunjwa ukafungwa waya. Mkuu, nani kafanya hivi na kwa nini?

Mpambanaji wa Mbagala
Hilo fundi alifanya ili ea klina isilowe oili. Mpira ulikuwa unatoa moshi moshi, unachafua filta. Akasema tukiziba inakuwa safi. Mimi sikuona tatizo, gari inatembea vizuri, haichemshi, gia zinaingia laini. Watu wengi wanaziba mjini hapa.

Spana Kumi na Tatu
Wanaziba, na ndio maana wengi wanavuja. Sikiliza. Kila injini, hewa kidogo ya mlipuko inapita pembeni ya pistoni kushuka chini. Ringi za pistoni zikiisha inapita nyingi. Briza ndiyo njia yake ya kutokea. Ukiziba, ile presha inatafuta palipo dhaifu: inaanza tapeti kava, kesho sili ya mbele ya krenki, keshokutwa sili ya nyuma, na hiyo ya nyuma ni kushusha gia boksi. Hata uweke gasketi ya dhahabu itatema. Toa bolti, fungua waya, badilisha valvu ya PCV, ndipo uweke gasketi na sili. Kisha washa gari, fungua kifuniko cha oili. Kama moshi unatoka kwa mapigo puu puu puu, nenda kapime kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Shida yako itakuwa ni ringi.

Mama Wawili Tegeta
Mimi bado niko Jumamosi. Safari ya wapi?

Mpambanaji wa Mbagala
Dodoma.

Mama Wawili Tegeta
Unaendesha wewe?

Mpambanaji wa Mbagala
Ataendesha shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Sawa niseme tu maana mnanizunguka. Nimemuuzia. Ameshatoa advansi, Jumamosi anakuja na hela iliyobaki na anaondoka nayo. Anataka kuifanyia teksi. Na kabla hamjaanza, bei nimempa ya kindugu, hakuna mtu angempa 110 kwa bei ile. Gari used inauzwa kama ilivyo. Mimi mwenyewe nilipoinunua nani aliniambia chochote? Nataka tu akifungua bonneti pawe pakavu, asije akaanza kushusha bei wakati hela nimeshaipangia.

Kichwa Ngumu
Niliposema uza sikumaanisha hivi.

Ustaadhi Mtulivu
Ndugu yangu, kasoro unayoijua ukaificha, hela yake haina baraka. Mwambie mwenzio. Akipunguza bei, apunguze.

Wakili Asiye na Gauni
Kisheria kidogo. Mnunuzi wa used anatakiwa ajikagulie mwenyewe, hilo kweli. Lakini kuziba mpira kwa bolti ili moshi usionekane si kukaa kimya, ni udanganyifu. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inampa aliyedanganywa haki ya kuuvunja mkataba. Na usisahau kubadilisha umiliki TRA, la sivyo faini za barabarani za hiyo teksi zitakuja kwa jina lako.

Dada wa Kiboriloni
Sheria iko mbali. Mimi namuwaza mke, ataitwa kwenye kikao cha ukoo kwa ajili ya gasketi.

Mtoto wa Gerezani
Ngojeni kwanza. Hii chai. Kasema injini 5A, halafu fundi "alitoa koili zote nne". 5A ninazofungua mimi kila siku zina distribyuta inayogawa umeme kwa plagi, zina waya nne za plagi na koili moja. Koili nne zinazokaa juu ya plagi ni 1NZ huko, za kina IST. Mtu mwenye gari hawezi kuchanganya hivyo. Katunga stori, picha kaokota.

Kichwa Ngumu
Nilikuwa nasubiri mtu aseme. Shemeji, Dodoma, bolti, advansi, kila kitu kimepangika mno. Sukari iko wapi tunywe.

Mzee wa Kitonga
Hata mimi nilijiuliza, foleni ya Rangi Tatu na abiria. Abiria wa nini kwenye gari ya nyumbani?

Mpambanaji wa Mbagala
Abiria ni majirani, nawapa lifti wanachangia mafuta. Koili ndivyo fundi alivyosema, mimi si fundi, hizo waya nyeusi nne yeye ndizo anaziita koili. Mnataka nitoe na kadi ya gari humu?
[picha]

Mtoto wa Gerezani
Sawa, waya nne na distribyuta naviona. Na bolti ni ileile. Basi gari ipo. Ila fundi anayeita waya za plagi koili na kuziba briza, huyo ni fundi Maiko, mkimbie leo.

Dada wa Kiboriloni
Afadhali ingekuwa chai.

Mpambanaji wa Mbagala
Nimewasikia wote. Shida ni kwamba nikifungua briza moshi utaonekana. Nikimwaga hii oili nikaweka 20W-50, moshi hautapungua kidogo? Akifika Dodoma salama mengine tutaongea kindugu.

Spana Kumi na Tatu
Oili nzito inaweza kupunguza moshi kwa muda, ringi hairudishi. Na ukiacha briza imezibwa, zaidi ya kilomita 400 za Morogoro na Gairo kwa mwendo wa barabara kuu, ile oili itatoka. Mtu asiyejua hataangalia dipstiki, atangoja taa ya oili iwake, na taa ikiwaka umechelewa. Gasketi nimekujibu. Kompresheni kapime kesho, majibu mpelekee shemeji pamoja na bei. Namna ya kumficha mimi sina.

Mpambanaji wa Mbagala
Sawa mkuu. Fundi nimeshamwita kesho asubuhi, nitaona.

Mama Wawili Tegeta
Utaona nini? Anakuja kupima au na silikoni?

Mama Wawili Tegeta
Mleta uzi?

Carina ya Baba
Samahani kuingilia. Spana, yangu ni Carina Ti, nayo 5A, oili inaonekana upande wa distribyuta inashukia gia boksi. Fundi kaniambia tapeti kava, nimenunua gasketi tayari.

Spana Kumi na Tatu
Usiifunge bado. Futa pale pawe pakavu, endesha kidogo, kisha angalia na tochi oili inaanzia wapi. Ikianzia chini ya distribyuta ni o-ringi yake, kitu cha dakika chache. Weka alama ya distribyuta ilipokaa kabla hujalegeza bolti, usije ukapoteza taimingi.