Waifai ya kipakatalishi chenye Linux Mint hukatika kila baada ya dakika chache, hasa stima ikipotea

mwalimu_manyatta (Kisumu)

Hamjambo nyote. Naomba msaada kuhusu jambo ambalo limenisumbua kwa wiki tatu sasa. Nina kipakatalishi cha mtumba nilichokinunua hapa Kisumu, nacho nimekiwekea Linux Mint kwa sababu mfumo kiliokuja nao ulikuwa ukijikokota. Ninapanga Manyatta, katika ploti ya nyumba sita, na ruta tunayoichangia iko kwa mwenye nyumba, yapata mita kumi na mbili kutoka mlangoni pangu, kuta mbili zikiwa katikati. Kila jioni ninapoingiza alama za wanafunzi, kurasa hugoma kufunguka ilhali alama ya waifai ingali imewaka. Mara nyingine alama hiyo hupotea kabisa, kisha hurudi yenyewe baada ya nusu dakika.

Kinachonishangaza ni kwamba simu yangu, iliyo juu ya meza hiyo hiyo, haikatiki. Jambo la pili ni kwamba stima ikiwapo hali huwa afadhali, lakini ikipotea mambo huharibika papo hapo, ingawa ruta ya mwenye nyumba ina betri yake na huendelea kufanya kazi. Nimeingiza nywila upya, nimeomba ruta izimwe na kuwashwa, na kijana mmoja amenishauri nipakue draiva (programu inayoiwezesha kompyuta kuitumia kadi ya waifai) kutoka mtandaoni na kuijenga mwenyewe. Je, nifuate ushauri huo, au niweke mfumo wote upya?

fundi_kondele (Kisumu)

Mwalimu, usifanye lolote kati ya hayo mawili kwa sasa. Draiva uliyoijenga mwenyewe mara nyingi huacha kufanya kazi kerneli, yaani kiini cha mfumo, inapobadilishwa na masasisho, nawe utajikuta huna waifai ya kukuwezesha kuitafuta nyingine. Kuweka mfumo upya nako kutakurudishia mipangilio ile ile uliyokuwa nayo siku ya kwanza.

Tujue kwanza ni wapi njia inapokatika. Safari ya data yako ina hatua mbili: kutoka kwenye kompyuta hadi kwenye ruta, na kutoka kwenye ruta hadi huko nje. Andika `ip route` ili uione anwani ya ruta, ambayo ni ile inayofuata neno `default via`, kisha fungua terminali mbili (madirisha ya kuandikia amri). Katika moja endesha `ping -c 100` ukifuatisha anwani hiyo ya ruta, na katika nyingine endesha `ping -c 100 8.8.8.8`, ambayo ni anwani ya Google huko nje. Kila moja itatuma pakiti 100 ndogo za data na kuhesabu zilizojibiwa. Ikiwa ruta inakujibu bila kupoteza kitu huku ile ya pili ikipoteza, kipakatalishi chako hakina hatia, nawe uzungumze na mwenye nyumba. Ikiwa ruta yenyewe haikujibu vizuri, basi tatizo liko kwako, na hapo utuletee majibu ya `lspci -nnk` upande wa kadi ya mtandao, ya `iw dev` ili tujue jina ambalo mfumo umeipa waifai yako, na ya `iw dev jina link` pamoja na `iw dev jina get power_save`, ukiweka jina lenyewe mahali pa neno "jina". Fanya vipimo hivyo mara mbili: chaja ikiwa imechomekwa, na ikiwa imechomolewa.

shamba_njoro (Nakuru)

Naomba nitofautiane kidogo na fundi. Nyumba nyingi za ploti zina mabati, na bati huyarudisha mawimbi ya waifai badala ya kuyapitisha. Zaidi ya hayo, huenda simu yako inatumia masafa ya gigahezi 5 na kipakatalishi gigahezi 2.4, ambako ruta za majirani husongamana, kwa hiyo ulinganisho wako wa simu na kompyuta hauna uzito kama unavyodhani. Hamia gigahezi 5 na shida itakwisha.

mwalimu_manyatta

Asanteni. Nimefanya vipimo usiku huu. Kwa hoja ya ndugu wa Njoro: kuta zetu ni za matofali, paa pekee ndilo la mabati, na ruta yenyewe ni ya zamani, ina gigahezi 2.4 tu, kwa hiyo simu na kompyuta zinatumia masafa yale yale.

Kadi yangu ni RTL8723BE na draiva inayotumika ni `rtl8723be`. Chaja ikiwa imechomekwa, pakiti 9 kati ya 100 zilipotea kuelekea kwenye ruta. Nilipochomoa chaja zilipotea 34. Nguvu ya mawimbi ni -79 dBm hapa mezani (kadiri namba inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yanavyokuwa na nguvu). Nilibeba mashine hadi barazani kwa mwenye nyumba, nikakaa kama mita moja kutoka kwenye ruta, nikapata -61. Kuhusu `power_save`, yaani uwekaji akiba wa nishati, jibu ni "off" nikiwa na chaja na "on" nikiwa sina. Niseme pia kwamba mwezi uliopita niliweka programu ya TLP ili betri idumu, kwa kuwa hapa kwetu stima hupotea mara kwa mara.

fundi_kondele

Hapo umetupa kila kitu, mwalimu, na hiyo TLP ndiyo inayoeleza habari ya stima. Kwa mipangilio yake ya kawaida, TLP huzima uwekaji akiba wa nishati katika waifai mashine inapotumia umeme, na huuwasha mashine inapotumia betri. Kadi inapoweka akiba husinzia, ikiamka kwa vipindi kusikiliza tangazo fupi ambalo ruta hulitoa kila baada ya milisekunde 100 hivi, ili ijue kama kuna data iliyowekewa. Mawimbi yakiwa na nguvu, usingizi huo hauna madhara. Yakiwa hafifu kama yako, kadi huamka, hukosa tangazo, husinzia tena, hukosa jingine, na hatimaye huamini kwamba ruta imeondoka.

Fungua faili la `/etc/tlp.conf` kwa `sudo`, uweke `WIFI_PWR_ON_BAT=off`, ukiiondoa alama ya reli (#) iliyo mwanzoni mwa mstari huo ikiwapo. Hilo peke yake halitoshi, kwa sababu NetworkManager, programu inayosimamia miunganisho ya mtandao, nayo ina kauli yake na huweza kuurudisha usingizi kila inapounganisha. Katika `/etc/NetworkManager/conf.d/default-wifi-powersave-on.conf` utaona `wifi.powersave = 3`; ifanye 3 iwe 2, kisha uendeshe `sudo systemctl restart NetworkManager`. Watu wengi hurekebisha moja, wakasahau ya pili, kisha wakalaumu Linux.

Hata hivyo, hiyo -61 ukiwa mita moja kutoka kwenye ruta hainipendezi hata kidogo. Ningetarajia -40 au karibu na hapo.

binti_lurambi (Kakamega)

Mwalimu, hiyo -61 naijua, kwa maana nilikuwa na mashine yenye kadi iyo hiyo. Kadi ya RTL8723BE ina mahali pawili pa kuchomeka antena, lakini katika baadhi ya vipakatalishi imefungwa antena moja tu ili kupunguza gharama, na draiva isipotambua imechomekwa upande gani husikiliza upande mtupu. Mashine huwa kama mtu anayeweka simu kwenye sikio lisilosikia. Ni kwa sababu hiyo pia ushauri wa kuhamia gigahezi 5 usingekusaidia hata ruta ingekuwa mpya, maana kadi hii haina masafa hayo kabisa.

Huhitaji bisibisi. Endesha `sudo modprobe -r rtl8723be` ili kuiondoa draiva, kisha `sudo modprobe rtl8723be ant_sel=2` ili kuirudisha ikiwa imeambiwa itumie upande wa pili, usubiri iunganishe, upime tena kwa `iw`. Ikiwa namba imezidi kuwa mbaya, rudia ukiweka 1 badala ya 2. Ukishapata upande ulio sahihi, andika mstari `options rtl8723be ant_sel=2` katika faili jipya liitwalo `/etc/modprobe.d/rtl8723be.conf`, na mpangilio huo utadumu hata kerneli ikisasishwa. Tafadhali jaribu hili kabla ya kugusa mambo ya TLP, ili tujue ni dawa ipi iliyoponya.

shamba_njoro

Nakubali kuhusu gigahezi 5. Sikuwa nimeuliza kadi ni ipi. Ila msongamano upo, mwalimu, kwa hiyo mwenye nyumba akikuruhusu kuingia kwenye ruta, tazama kwa simu majirani wako kwenye mikondo ipi, uchague 1, 6 au 11, yoyote iliyo na watu wachache. Usichague 3 wala 4 kwa kudhani umekaa katikati pasipo na mtu, kwa maana hapo utasumbuliwa na wa 1 na wa 6 kwa pamoja.

mwalimu_manyatta

Nimefuata mpangilio wa dada wa Lurambi. Kwa `ant_sel=1` hakuna kilichobadilika; kwa `ant_sel=2` mawimbi yalipanda kutoka -79 hadi -54 hapa hapa mezani, na nikaona mitandao kumi na moja ya majirani ambayo sikuwahi kuiona. Bila kugusa TLP, na chaja ikiwa imechomolewa, pakiti zilizopotea kuelekea kwenye ruta zilikuwa 2 kati ya 100. Baadaye nilirekebisha mafaili yote mawili aliyoyataja fundi, na leo jioni, stima ikiwa imepotea tangu saa kumi na mbili, nimeingiza alama za madarasa mawili bila kukatikiwa.

Limebaki dogo: ninapotumia spika ya bluetuthi, kasi ya waifai hushuka karibu nusu.

binti_lurambi

Hilo litabaki, mwalimu. Bluetuthi na waifai zimo katika kadi moja, zinatumia gigahezi 2.4 zote mbili, na sasa unajua kwamba zinagawana antena moja. Tumia waya kwa spika unapopakia alama.