Difu ya Eunos Roadster ya 1991: 90, 140 au oili ya LSD?

kijana_wa_tudor

Salaam aleikum wote. Nina Eunos Roadster ya 1991, yaani ile Mazda MX-5 ya soko la Japani, injini 1600, gia za mkono. Nliichukua kwa mzee mmoja wa Kizingo ambaye aliileta zamani, akaitunza vizuri sana lakini miaka ya mwisho ilikuwa imesimama tu chini ya mwarobaini. Sasa nikipanda Mazeras nasikia mvumo watoka nyuma kama panka lililokauka, waanza nikifika 60 hivi, nikiachia mafuta wapotea, nikikanyaga tena warudi. Nataka nimwage oili ya difu (zile gia za nyuma zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili) nitie mpya kabla sijaanza kufungua vitu, shida ni kila mtu na lake. Fundi wangu asema kwa joto la Mombasa tia 140 nzito umalize maneno. Duka la kwanza barabara ya Jomo Kenyatta wakanipa 75W-90 GL-4, wakanambia GL-4 na GL-5 ni ile ile. La pili wakasema gari ya spoti lazima oili ya LSD (difu inayozuia gurudumu moja kuzunguka bure), na bei karibu mara mbili. Naomba anayejua anieleze na sababu yake, isiwe tia hii basi, maana nikiiua difu hii Mombasa sipati nyingine.

fundi_jomvu

Wa aleikum salaam. Ndugu yangu hiyo GL-4 kama hujaifungua irudishe leo. GL-4 na GL-5 ni viwango vya kazi vya API, taasisi ya petroli ya Marekani, na kwa difu ya nyuma tofauti yake ni kubwa. Meno ya difu yako ni ya haipoidi, yaani pinioni (gia ndogo) inayotoka kwa propela shafti haikukaa katikati ya kraun (gia kubwa ya duara), imekaa chini kidogo, kwa hivyo meno mbali na kusukumana yanateleza pia kwa urefu wake huku yamebeba nguvu yote ya gari. Oili ya kawaida pale hubanwa ikatoka, chuma kikabaki kwa chuma. GL-5 ina salfa na fosforasi nyingi zaidi, ile harufu mbaya ukifungua mkebe ndiyo hiyo, na penye joto na mgandamizo ile dawa hushika chuma ikafanya ngozi nyembamba, ikawa ngozi ndiyo inayolika jino likabaki.

Nlifungua difu moja hapa karakana, ya gari nyingine, mwenyewe alikuwa akitia oili ya injini kwa miaka. Meno ya pinioni yalikuwa na michirizi yote imelala upande mmoja, ukipitisha kucha inanasa, na ncha zimegeuka samawati kama chuma kilichotoka motoni. Hapo hakuna oili ya kurudisha.

Na GL-5 itakayobaki usiimimine kwenye giaboksi kwa kuona uchungu kuitupa. Giaboksi nyingi za zamani zina ringi za shaba na hiyo dawa yaweza kuila shaba, soma kitabu cha gari kwanza.

winchi_kilindini

Naunga mkono fundi kwa GL-5, mimi nashughulika na mitambo bandarini na gia oili ndiyo kazi yangu ya kila siku. Kwa hiyo 140 kaka sikubali. Watu wakiona 90 na 140 wadhani ni nzito kupita kiasi ukilinganisha na 40 au 50 ya injini, lakini ni mizani miwili tofauti. Gia 90 ikipimwa kwa digrii 100 uzito wake wa kumiminika, kwa sentistoki, ni kuanzia 13.5 hadi 18.5, na injini 50 ni kama 16.3 hadi 21.9, yaani zakaribiana kabisa. 140 yaanzia 24 kwenda juu, huko ni kwengine.

Tena namba ya 90 inapimwa oili ikiwa tayari imechemka digrii 100, kwa hivyo waliotengeneza gari hawakusahau joto. Hiyo W ndiyo ya baridi, 80W inajaribiwa kwenye -26 na 75W kwenye -40, sisi huku ikifika 20 usiku wa Julai twatafuta shuka. Kwa hivyo kwa Mombasa 75W-90, 80W-90 na 90 kavu zikishapata moto zote ni daraja moja, usilipe pesa nyingi kwa sababu ya hiyo 75 mbele. Kitabu cha MX-5 ya zamani chataka GL-5 namba 90 kwa hali ya hewa iliyo juu ya -18, basi sisi tumo ndani.

Oili nzito kupita inavyotakiwa kraun yaivuruga kama mtu anayekoroga sima, nguvu yapotea na joto lapanda, na asubuhi inachelewa kufika kwenye beringi za pinioni ambazo tundu zake ni ndogo. Lakini linaloniudhi zaidi ni kwamba 140 yanyamazisha mvumo. Wewe wataka kujua gari inaumwa wapi, huyo fundi wako wa 140 anakuzibia maskio.

nyali_e30

Niongezee upande wa LSD maana hapo ndipo mimi niliumia. Gari yangu ni BMW E30 325i yenye LSD ya sahani, zile kluchi ndogo ndogo ndani ya difu. Duka moja wakaniuzia GL-5 ya kawaida, nzuri tu, lakini haina modifaya ya msuguano, ile dawa ya kuzifanya sahani ziteleze taratibu. Siku ya pili nakata kona nyumbani niingie geti, nyuma ikaanza kuguguma gu gu gu na gari yote yatetema, nlidhani eksili yakatika, nikasimama pale pale. Sahani zilikuwa zinashika na kuachia. Nikamwaga nikatia iliyoandikwa LSD na baada ya kuzungusha gari vinane vinane kwenye uwanja mtupu ikatulia.

Lakini wewe mdogo wangu gari yako si kama yangu. MX-5 za 1600 zenye LSD ni ya viskasi, inayoshikwa na majimaji mazito, ile silikoni yake imefungiwa ndani ya kopo lake wala haikutani na oili ya difu. Na zile 1800 zilizoanza 1993 zenye Torsen nazo ni gia tupu, hakuna sahani. Zote hizo GL-5 ya kawaida yatosha. Kwa hivyo hiyo ya bei mara mbili haitakudhuru lakini pesa yako bora ununulie sili (mipira ya kuzuia oili isivuje). Hakikisha tu hakuna mtu aliyebadilisha difu zamani akatia ya sahani, inua magurudumu yote mawili ya nyuma, gia nyutro, hendibreki chini, zungusha moja kwa mkono. La pili likienda kinyume kwa wepesi ni difu wazi ya kawaida isiyo LSD, ijapokuwa Torsen nayo yaweza kukudanganya hapo. Likifuata upande mmoja ni LSD.

fundi_jomvu

Dada amesema kweli kabisa. Na wewe kijana kabla ya kumwaga fanya hili, ukiwa barabara tupu yumbisha gari kulia kushoto polepole. Mvumo ukibadilika ukiegemea upande mmoja huenda ni beringi ya gurudumu na difu unaisingizia. Usipobadilika ukawa unafuata mguu wako kwenye mafuta, hapo shuku pinioni.

Siku ya kumwaga FUNGUA PLAGI YA JUU KWANZA. Nimeona watu wamemwaga chini halafu ya juu imeshika kutu haifunguki, na hewa yetu hii ya chumvi ndiyo mambo yake, gari ikalala hapo siku tatu. Ya 1600 inakula lita 0.65 tu, chupa moja yatosha. Gari iwe imekaa sawa, jaza mpaka ianze kutoka yenyewe kwa tundu la juu, hapo ndipo usawa wake.

kijana_wa_tudor

Wakuu nimerudi. Jumamosi nimefanya. Barabara ya Dongo Kundu asubuhi mapema niliyumbisha, mvumo haukubadilika. Plagi ya juu nlipaka mafuta ya kulegeza kutu usiku, asubuhi nikaipiga kwa bomba refu ikalia kama risasi lakini ikatoka. Gurudumu la pili limefuata upande mmoja, ila zito, kama uko ndani ya asali, nafikiri ndiyo viskasi yenyewe dada.

Kilichonishtua ni oili. Nliimwagia kwenye chupa ya maji iliyokatwa nikapima, haikufika hata mililita 300. Na rangi si nyeusi, ni ya chai ya maziwa. Kwenye sumaku ya plagi mna uji wa kijivu, nimeusaga kwa vidole hauna vipande, laini tupu. Nimetia 80W-90 GL-5 ya madini mpaka ikatoka juu, nikaenda Mazeras na kurudi. Mvumo umepungua sana lakini kati ya 70 na 75 bado upo kwa mbali.

fundi_jomvu

Rangi ya chai ya maziwa ni maji hayo. Difu ikiwa moto halafu ukapita kwenye mafuriko inapoa ghafla, inavuta hewa na maji kupitia kipumuo (tundu la hewa) au sili. Uji laini kwa umri huo sina wasiwasi nao, vipande ndivyo ningeogopa. Endesha wiki mbili kisha umwage tena hiyo mpya, usiione ni hasara, itatoka na maji yaliyobaki kwenye pembe. Safisha kipumuo juu ya difu, angalia sili za eksili zote mbili na ya pinioni, maana oili ilipotokea ndipo maji yalipoingilia. Na huo mvumo uliobaki usiufungulie kraun, andika kilomita na spidi unayousikia. Ukibaki pale pale niletee Jomvu nisikilize.

kijana_wa_tudor

Sili ya eksili ya kushoto imelowa, nimeona sasa hivi kwa tochi. Naagiza zote tatu. Shukran sana fundi, na dada wa Nyali, na wewe wa Kilindini. Wiki mbili naleta majibu.