Varikosi miguuni: soksi, sindano ya povu, leza au upasuaji?

Mama Salma, Morogoro
Habari zenu wanajamvi. Nafundisha shule ya msingi, kutwa nimesimama. Mishipa ilianza kujitokeza nikiwa na mimba ya kwanza, ya pili ikazidisha. Sasa mguu wa kushoto una mafundo kuanzia nyuma ya goti mpaka karibu na kifundo. Jioni mguu unakuwa mzito, usiku kigimbi kinakaza. Mmoja ananiambia soksi, mwingine sindano, mwingine leza, na shangazi anasisitiza nikapige chuku. Kipi kinafaa kwa hali gani? Na dalili ipi ndiyo ya kukimbilia hospitali?

Muuguzi wa Zamu
Pole mwalimu. Ndani ya vena za miguu kuna vali, vilango vidogo vinavyoruhusu damu kupanda kwenda moyoni na kuizuia isirudi chini. Vali zikilegea, damu inatuama, presha ndani ya vena inapanda na mshipa unatanuka na kujipinda. Mimba, uzito mkubwa, umri, kazi za kusimama na historia ya ukoo vyote vinachangia.

Ukubwa wa mafundo haunitishi sana. Naitazama ngozi ya upande wa ndani, juu kidogo ya kifundo. Ikianza kuwasha, kuwa nyeusi au ya kahawia, kukakamaa, au ikatoka kidonda kisichopona ndani ya wiki 2, nenda ukaonwe. Ila mguu mmoja ukivimba ghafla, kigimbi kikauma na kupata joto, hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo, maana huenda damu imeganda kwenye vena za ndani. Ukiongezeka upungufu wa pumzi au maumivu ya kifua, usisubiri hata saa moja.

Kinyozi wa Makorora
Mimi niko upande wa soksi. Nasimama kuanzia asubuhi hadi usiku, na tangu nianze kuzivaa ule uzito wa jioni umepungua sana. Lakini msinunue zile za kubahatisha sokoni. Tafuta zilizoandikwa kipimo cha mgandamizo kwenye boksi, mfano 20 hadi 30 mmHg, na upimwe kifundo na kigimbi kwanza. Kuzivaa ni kazi: igeuze nje ndani hadi kisigino, ingiza vidole, kalisha kisigino sawasawa, halafu ipandishe kidogo kidogo kwa viganja. Glavu za mpira za kuoshea vyombo zinasaidia mno. Usiikunje juu, mkunjo unabana vibaya.

Theatre_Moshi
Kinyozi kasema kweli, ila soksi zinatuliza, haziponyi. Ukizivua, vali ni zile zile. Mwongozo wa mwaka 2013 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, unaweka matibabu ya joto mbele, yaani leza au mawimbi ya redio. Yasipofaa, sindano ya povu, yaani dawa ya povu inayochomwa ndani ya vena ili ijifunge. Nayo ikishindikana, upasuaji. Soksi peke yake ni kwa wale ambao hayo yote hayawafai. Kwa mjamzito ni tofauti: soksi zinaweza kumpa nafuu, matibabu mengine kwa kawaida yanasubiri ajifungue, na mishipa mingi husinyaa yenyewe baadaye.

Kwenye leza, daktari anapitisha mrija mwembamba ndani ya vena huku akiangalia ultrasaundi, unapigwa ganzi ya eneo, vena inachomwa na kufungwa, unarudi nyumbani siku hiyo hiyo ukitembea. Povu ni rahisi zaidi na halihitaji mashine ya leza, lakini huenda likarudiwa na linaweza kuacha madoa ya kahawia. Upasuaji unafunga vena kinenani na kuing'oa. Unahitaji nusu kaputi au ganzi ya mgongo, na mapumziko marefu zaidi.

Leza usitegemee kuikuta hospitali ya wilaya. Ulizia hospitali kubwa yenye daktari wa upasuaji wa mishipa. Na kwa njia yoyote, dai ultrasaundi ya doppler kwanza, ile inayoonyesha damu inavyotiririka. Asiyejua vali ipi imeharibika hawezi kukuchagulia tiba.

Mjukuu wa Pangani
Kuhusu chuku, mwalimu, kwa heshima zote kwa shangazi, USIKUBALI wembe uguse mshipa huo. Ngozi juu yake ni nyembamba na presha ndani ni kubwa. Bibi yangu alijigonga tu kwenye ngazi, damu ikaruka mpaka ukutani. Ikitokea: lala chini, inua mguu juu ya usawa wa moyo, kandamiza kwa kitambaa safi bila kuachia, mtu aite usafiri.

Mama Salma, Morogoro
Asanteni sana. Kuwashwa ninako, na kuna weusi hapo hapo alipotaja Muuguzi. Nilidhani ni fangasi. Mama yangu naye ana mishipa hii na ana sukari, nimnunulie soksi?

Muuguzi wa Zamu
Wewe usingoje likizo, ngozi imeshaanza kuharibika. Hata kwa waliokwisha kupata kidonda, kuwahi kunalipa: utafiti wa EVRA wa Uingereza, 2018, ulionyesha kuwa waliofungiwa vena mapema huku wakifungwa bandeji za mgandamizo walipona kwa wastani wa siku 56, na waliochelewesha siku 82.

Mama usimnunulie bado. Sukari inaweza kuziba ateri, mishipa inayoleta damu kutoka moyoni, na mguu usiopata damu ya kutosha ukibanwa unaweza kuoza. Apimwe kwanza presha ya kifundo ilinganishwe na ya mkono. Kwa sasa ainue miguu akipumzika, atembee kila siku, apake mafuta ngozi isipasuke.

Theatre_Moshi
Nakazia: nendeni wote wawili siku moja, doppler ya vena kwako, ateri kwake. Uliza bei na kama bima yako inalipia kabla ya kupanda kitandani.